Kinga za ofisi za biashara za serikali ugenini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu akisikia neno "kinga", picha inayomjia ni ya mkubwa asiyekamatika. Picha hiyo ina kasoro hata kwa mabalozi, na kwa ofisi za biashara inapotosha kabisa. Hapa yamekusanywa maswali ambayo wafanyabiashara, wanafunzi wa sheria na watu walioajiriwa na ofisi kama hizo huyauliza kila mara. Mfano mkuu ni ofisi za uchumi na biashara za Hong Kong, hasa zilizoko Marekani, kwa sababu kinga zake zimeandikwa katika sheria ambayo yeyote anaweza kuisoma.

Ofisi ya biashara ya serikali ni nini, na inatofautiana vipi na ubalozi?

Ubalozi huwakilisha dola katika mambo yote: siasa, ulinzi, viza, raia waliokwama, biashara pia. Ofisi ya biashara ina kazi finyu. Inatafuta wawekezaji, inafuatilia mabadiliko ya ushuru na sheria za forodha za nchi mwenyeji, inapeleka wafanyabiashara wa kwao kwenye maonyesho, inapigania bidhaa zao zisiwekewe vikwazo. Serikali nyingi haziihitaji kama taasisi ya pekee. Huweka mwambata wa biashara ndani ya ubalozi, naye anakingwa kama mwanadiplomasia mwenzake yeyote. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, katika ibara ya 3, unataja kukuza uhusiano wa kiuchumi kuwa mojawapo ya kazi za ubalozi.

Ugumu huanza pale anayetaka kufungua ofisi hana ubalozi, au hawezi kuwa nao. Hiyo ndiyo hali ya Hong Kong na ya Taiwan, na zamani ilikuwa hali ya Urusi ya Kisovyeti.

Hong Kong ni sehemu ya China. Inakuwaje ina ofisi zake yenyewe?

Kwa sababu katika biashara Hong Kong husimama peke yake. Ni eneo la forodha linalojitegemea na ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani kwa jina la "Hong Kong, China". Uingereza ilipolirudisha eneo hilo kwa China tarehe 1 Julai 1997, mpangilio huo uliachwa uendelee. Sheria ya Msingi ya Hong Kong, iliyotangazwa mwaka 1990, inasema mambo ya nje ni ya serikali kuu ya Beijing, lakini ibara ya 156 inairuhusu Hong Kong kufungua ofisi rasmi au nusu rasmi za uchumi na biashara katika nchi za nje, mradi iijulishe serikali kuu.

Kwa hiyo zipo Washington, New York na San Francisco, na zipo pia London, Brussels, Geneva, Berlin, Tokyo, Singapore, Sydney, Toronto na kwingineko. Ya Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2021, ndiyo iliyo karibu na njia za wafanyabiashara wetu wa pwani.

Basi kinga zake zinatokana na Mkataba wa Vienna?

Hapana, na hapa ndipo wengi hupotea. Mikataba ya Vienna, ule wa 1961 wa mabalozi na ule wa 1963 wa mabalozi wadogo, inahusu uhusiano kati ya dola na dola. Ofisi ya Hong Kong haiwakilishi dola. Sheria ya kimataifa haiilazimishi nchi mwenyeji kuipa chochote. Kinga yake inazaliwa na sheria ya ndani ya mwenyeji, na isipotungwa sheria hiyo, ofisi inabaki kama mpangaji mwingine yeyote wa jengo.

Marekani ilikuwa na sheria ya tarehe 29 Desemba 1945 iliyotungwa kwa ajili ya mashirika ya kimataifa, wakati Umoja wa Mataifa ukiwa bado mchanga. Siku chache kabla ya Hong Kong kurudishwa, tarehe 27 Juni 1997, iliongezwa sehemu mpya katika sheria hiyo: rais anaweza kuzipa ofisi za Hong Kong kinga zilezile kana kwamba ni shirika la kimataifa ambalo Marekani ni mwanachama wake. Tarehe 30 Juni, siku moja kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa, Rais Bill Clinton alitia saini amri namba 13052 ya kuzipa. Uingereza yenyewe ilikuwa imetunga sheria yake mahususi mwaka 1996. Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Kwa miaka mingi ofisi za Hong Kong zilikuwa zimejibanza chini ya bawa la Uingereza, na bawa hilo lilikuwa linaondoka.

Kinga zenyewe ni zipi hasa?

Kwa Marekani, ziko katika mafungu mawili, na ni vizuri kuyatenganisha: ya ofisi na ya watu.

Ofisi kama taasisi inaweza kuingia mikataba, kumiliki nyumba na ardhi, kushtaki kwa jina lake. Mali zake hazitaifishwi, wala hazipekuliwi isipokuwa yenyewe ikubali waziwazi. Nyaraka zake haziguswi. Inasamehewa ushuru wa forodha kwa vitu inavyoingiza kwa ajili ya kazi yake. Kuna jambo jingine ambalo watu hulipita haraka ingawa lina uzito mkubwa kisiasa: taasisi zinazokingwa na sheria hii hupewa, katika suala la kujiandikisha kama wakala wa nchi ya kigeni, unafuu uleule unaopewa serikali za kigeni. Kampuni binafsi ya ushawishi inayotumikia serikali ya nje hutakiwa kujiandikisha chini ya sheria ya mwaka 1938 na kueleza inalipwa na nani na kwa kazi gani. Hoja nyingi za wakosoaji wa ofisi hizi zinaegemea hapo.

Watu ndani ya ofisi wana kinga nyembamba zaidi. Afisa hashtakiwi kwa matendo aliyoyafanya kwa wadhifa wake na ndani ya majukumu yake. Mshahara wake, akiwa si raia wa Marekani, hausumbuliwi na kodi ya mapato ya huko. Lakini jina lake lazima liwe limepelekwa kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani na kukubaliwa. Na sheria yenyewe inatamka kwamba hakuna anayehesabiwa kuwa na hadhi ya kidiplomasia kwa sababu yake. Sentensi hiyo moja ingesomwa na watu wengi zaidi, nusu ya maswali haya yasingeulizwa.

"Matendo ya wadhifa" maana yake nini kwa maisha ya kawaida?

Chukua siku moja ya afisa. Asubuhi anaandika ripoti inayodai kampuni fulani inakwepa masharti ya uingizaji bidhaa. Kampuni ikikasirika na kumshtaki kwa kumchafulia jina, ana hoja nzuri ya kinga, kwani kuandika ripoti ndiyo kazi yake. Mchana anakwenda dukani, anagombana na mwenye duka na kumpiga ngumi. Hapo hana kinga. Jioni anaendesha gari amelewa, hapo pia hana. Mwisho wa mwezi halipi kodi ya nyumba anayoishi, na mwenye nyumba anaweza kumpeleka mahakamani kama mpangaji mwingine.

Balozi katika mifano hiyo yote angekuwa na ulinzi mpana zaidi, maana kinga ya mwanadiplomasia humfuata mwilini hadi nyumbani kwake. Kinga ya afisa wa ofisi ya biashara hubaki kazini.

Je, kuna afisa aliyewahi kukamatwa kweli?

Ndiyo, na kisa hicho kinafaa kuelezwa kwa kirefu. Baada ya Marekani kuacha kuitambua Taiwan kama dola na kuitambua Beijing mwaka 1979, Sheria ya Uhusiano na Taiwan iliruhusu pande mbili ziendelee kuwasiliana kupitia ofisi zisizo balozi. Tarehe 2 Oktoba 1980 ofisi hizo zilikubaliana juu ya kinga zao, makubaliano yaliyokuja kuandikwa upya Februari 2013. Taiwan ikawa na ofisi yake ya uchumi na utamaduni Washington, na matawi katika miji mingine.

Novemba 2011 maafisa wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, walimkamata mkuu wa tawi la Kansas City. Alishtakiwa kwa kumleta mfanyakazi wa ndani kutoka Ufilipino kwa mkataba uliomwahidi zaidi ya dola 1,200 kwa mwezi, kisha akamlipa chini ya nusu ya hizo, akamfanyisha kazi kwa saa nyingi kupita kiasi na kumchukulia pasipoti. Serikali ya Taiwan ililalamika ikisema afisa wake ana kinga kwa makubaliano ya 1980. Marekani ilijibu kwamba kinga hiyo inahusu matendo ya kazi aliyotumwa, na kumtumikisha mtu nyumbani si kazi aliyotumwa. Siku chache baadaye afisa alikiri kosa, akaamriwa kumlipa mfanyakazi huyo na mwingine zaidi ya dola 80,000 kwa jumla, na mwanzoni mwa 2012 akafukuzwa nchini.

London nako, Mei 2024, watu watatu walifunguliwa mashtaka chini ya Sheria ya Usalama wa Taifa ya 2023, mmoja wao akiwa meneja katika ofisi ya biashara ya Hong Kong. Kufanya kazi katika jengo lenye kinga hakukuzuia mashtaka kufunguliwa.

Ofisi ikinidai, au mimi nikiidai, naweza kwenda mahakamani?

Swali hili ndilo linalowahusu zaidi wafanyabiashara, na jibu lake limebadilika ndani ya miaka michache.

Sheria ya 1945 inasema taasisi zinazokingwa nayo zina kinga ya kushtakiwa "ileile" waliyo nayo serikali za kigeni. Mwaka 1945 serikali za kigeni zilikuwa hazishtakiwi karibu kabisa katika mahakama za Marekani. Mwaka 1976 ikaja sheria nyingine iliyosema serikali ya kigeni ikifanya biashara, ishtakiwe kama mfanyabiashara. Je, kinga ya mashirika ilibaki ile ya 1945 au ilipungua pamoja na ya serikali? Wakulima na wavuvi wa Gujarat, India, ndio waliolazimisha jibu. Walilishtaki shirika la fedha la Benki ya Dunia, IFC, kwa madhara ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe liliokuwa limeukopesha. Tarehe 27 Februari 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji 7 dhidi ya 1: kinga ni ya leo, si ya 1945, na shughuli za kibiashara zinaweza kufikishwa mahakamani. Inauma kusema kwamba wakulima hao baadaye walishindwa, kwa kuwa mahakama za chini ziliona kiini cha malalamiko yao kilitokea nje ya Marekani. Lakini kanuni waliyoipigania imebaki.

Kwa kuwa ofisi za Hong Kong zinakingwa na sheria hiyohiyo, kanuni hiyo inazigusa nazo. Fundi aliyekarabati jengo lao asilipwe, au kampuni iliyowauzia kompyuta, ina njia ya kudai. Kushinda kesi, hata hivyo, si sawa na kupata pesa. Kukazia hukumu, yaani kukamata mali ya ofisi ili ulipwe, ni vita nyingine, na mali zinazotumika kwa kazi rasmi hazishikwi kirahisi. Ndiyo maana ushauri wa mawakili wengi ni kuandika ndani ya mkataba tangu mwanzo kwamba ofisi inaiachia kinga yake, yaani haitaitumia kujikinga, kwa migogoro ya mkataba huo, na kwamba inaiachia hata wakati wa kukazia hukumu. Kifungu cha kwanza bila cha pili ni nusu ya ulinzi.

Je, wazo la kutenganisha kazi ya serikali na biashara ni geni?

Ni la zamani, na chimbuko lake moja ni ofisi za biashara zenyewe. Baada ya mapinduzi ya 1917 biashara yote ya nje ya Urusi ilikuwa mikononi mwa serikali, kwa hiyo ujumbe wa biashara wa Kisovyeti ulikuwa dola na duka kwa wakati mmoja. Wajerumani walijiuliza: tukimwuzia mashine asilipe, tumshtaki nani? Tarehe 3 Mei 1924 polisi wa Berlin waliivamia ofisi ya ujumbe huo wakimfuata mtuhumiwa aliyewatoroka na kuingia humo, na biashara kati ya nchi hizo mbili ikakwama kwa miezi. Mkataba wa Oktoba 1925 ulitafuta njia ya kati: ujumbe ulikuwa sehemu ya ubalozi na ukapewa hadhi yake, lakini mikataba ya biashara iliyofungwa Ujerumani ingeamuliwa kwa sheria na mahakama za Ujerumani.

Polisi wanaweza kuingia ndani ya ofisi?

Inategemea jengo limetajwa vipi katika sheria ya mwenyeji, na ni nani mwingine anayelitumia. Somo kubwa ni la London. Mkataba wa biashara wa 1921 kati ya Uingereza na Urusi ya Kisovyeti ulikuwa umewapa wawakilishi rasmi kinga fulani. Ujumbe wa biashara ukawa unakaa jengo moja na ARCOS, kampuni ya biashara iliyoandikishwa Uingereza na isiyo na kinga yoyote, huko Moorgate. Tarehe 12 Mei 1927 polisi waliingia na hati ya upekuzi, wakatoboa makasha ya chuma, wakapekua kwa siku kadhaa wakitafuta waraka wa kijeshi uliodaiwa kuibwa. Waraka huo hawakuupata. Kabla mwezi haujaisha Uingereza ilivunja uhusiano wa kidiplomasia na Moscow.

Ofisi yenye kinga ikiishi mlango mmoja na kampuni isiyo na kinga, inaikaribisha hatari hiyo ndani.

Mimi ni mwajiriwa wa hapa nchini katika ofisi ya namna hii. Nikifukuzwa bila haki?

Usikate tamaa mapema. Uingereza imeonyesha njia. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kesi za wafanyakazi wawili raia wa Morocco, mmoja wa ubalozi wa Sudan na mwingine wa ubalozi wa Libya, jijini London. Balozi hizo zilijikinga na Sheria ya Kinga ya Dola ya 1978. Mahakama ilisema mpishi na mfanya usafi hawatekelezi mamlaka ya dola, na kuwafungia mlango wa mahakama kunakiuka haki zao. Mwaka 2023 sheria hiyo ya 1978 ikarekebishwa. Katikati ya hapo, Julai 2022, majaji wa mahakama hiyohiyo, 3 dhidi ya 2, waliamua kwamba hata mwanadiplomasia anayemtumikisha mfanyakazi wa ndani kama mtumwa anafanya shughuli ya kibiashara kwa faida yake, na kinga yake haimfuniki. Ikiwa mlango wa ubalozi umefunguliwa kiasi hicho, sioni kwa nini wa ofisi ya biashara ubaki umefungwa.

Jambo hili linatuhusu kwa uchungu. Mwaka 2008 mahakama ya Washington iliamuru afisa wa ubalozi wa Tanzania amlipe mwanamke aliyemleta kumfanyia kazi za nyumbani zaidi ya dola milioni 1. Yule dada alikuwa wa kwetu, na aliyemtumikisha alikuwa wa kwetu. Kama wewe ni mfanyakazi wa nyumba ya afisa yeyote, weka nakala ya mkataba wako mahali asipoweza kufika mwajiri, andika saa unazofanya kazi, na usikubali pasipoti yako ishikwe na mtu mwingine.

Kinga zikishatolewa, zinaweza kuondolewa?

Zinaweza, na wakati mwingine kwa kalamu moja. Sheria ya 1945 inamruhusu rais wa Marekani kuzipunguza, kuzisitisha au kuzifuta. Waziri wa Mambo ya Nje anaweza kusema uwepo wa afisa fulani hautakiwi, na baada ya muda wa kutosha wa kuondoka, kinga ya mtu huyo inakoma. Ofisi pia inaweza kuiachia kinga ya afisa wake, kwa kuwa kinga ni ya ofisi.

Jaribio kubwa lilikuja baada ya sheria ya usalama wa taifa kuwekwa Hong Kong mwaka 2020. Wabunge wa Marekani walihoji: kama Hong Kong haijitegemei tena kama ilivyoahidiwa, kwa nini ofisi zake ziendelee kuwa na kinga za peke yake? Tarehe 10 Septemba 2024 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 413 dhidi ya 3 muswada wa kumtaka rais athibitishe kama ofisi hizo zinastahili kinga. Asipothibitisha, zifungwe ndani ya siku 180. Seneti haikuukamilisha muswada huo kabla ya kipindi cha bunge kwisha. Serikali ya Hong Kong iliupinga vikali, ikisema ofisi zinafanya biashara tu na zinanufaisha pande zote. Wakosoaji walijibu kwamba zinatumika kuwafuatilia wapinzani walioko nje.

Kwa maoni yangu, uthibitisho wa mara kwa mara ni jambo jema kwa ofisi yoyote ya aina hii, ya Hong Kong au ya mwingine. Kinga inayotolewa mara moja na kusahaulika humzoesha aliyepewa kudhani ni mali yake.

Afrika Mashariki tuna sheria gani?

Kenya ina Sheria ya Kinga na Upendeleo, sura ya 179, ya mwaka 1970. Tanzania ina sheria yake ya kinga za kidiplomasia na kibalozi ya mwaka 1986. Zote mbili zinaingiza mikataba ya Vienna katika sheria za nchi.

Wakenya wamepata funzo lao hivi karibuni. Oktoba 2024 serikali ilitangaza katika gazeti rasmi kwamba Gates Foundation, ambayo ni taasisi ya hisani na si dola, imepewa kinga. Chama cha Mawakili cha Kenya kilikwenda mahakamani, na Novemba Mahakama Kuu ikasimamisha tangazo hilo. Mwaka 2025 likafutwa. Raia waliuliza swali ambalo kila nchi mwenyeji inapaswa kuulizwa: huyu anakingwa dhidi ya nani, na kwa kazi gani?

Baraza la biashara au kampuni ya serikali nayo ina kinga?

Kwa kawaida hapana. Jina lenye neno "biashara" na nembo ya taifa mlangoni havitoshi. Kampuni iliyoandikishwa chini ya sheria za mwenyeji hushtakiwa kama kampuni, kama ARCOS ilivyopekuliwa kama kampuni.

Nitajuaje kinga ya ofisi ninayotaka kufanya nayo kazi?

Anza na gazeti la serikali au sheria za nchi ofisi ilipo; kinga isiyoandikwa popote ni ya kutiliwa shaka. Kisha iulize wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo kama afisa unayeshughulika naye yumo katika orodha yake na kwa daraja gani. Mwombe akuonyeshe kitambulisho alichopewa na wizara, kwa kuwa nchi kadhaa huandika humo kinga ya mhusika ni ya kiasi gani. Mwisho, kabla hujatia saini, mwambie wakili wako asome kifungu cha migogoro, aangalie ni mahakama ya wapi imetajwa, na kama kimetaja kuachiwa kwa kinga mara mbili: wakati wa kesi na wakati wa kukazia hukumu.